Sukari za mti kwa maji moto: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi napika mbao. Ndivyo ninavyowajibu watu wa nyumbani wakitaka kujua nafanya kazi gani huku Ufini, na hapo ndipo maswali huanza. Mengine nimeulizwa kwa simu, mengine msibani, moja nililiulizwa na kinyozi akiwa ameshika wembe shingoni mwangu. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Kwani mti una sukari? Nimetafuna vijiti tangu utotoni, sijawahi kuionja.

Unayo, tena nyingi, ila imefungwa. Fikiria nyumba ya miti na udongo. Fito ndizo selulosi: minyororo mirefu ya glukosi tupu, asilimia 40 hadi 45 ya uzito wa mti mkavu. Udongo uliokandikwa ni lignini, ile kitu ya kahawia inayoupa mti ugumu, asilimia 20 hadi 30 hivi. Zile kamba zinazofunga fito, zinazopita huku na huku hata udongo ukazimeza, ndizo hemiselulosi. Hizo ni kama robo ya mti, pungufu au zaidi kutegemea aina yake, na ndizo tunazozifuata sisi.

Tofauti na selulosi, hemiselulosi ni mseto: zailosi, manosi, galaktosi, arabinosi na glukosi, zimeungana katika minyororo mifupi yenye matawi, kila mmoja una sukari kama 100 au 200 hivi. Selulosi huwa na maelfu, zimelala sambamba na kushikana, maji hayapati pa kuingia. Minyororo ya hemiselulosi imekaa ovyo ovyo. Kwa hiyo maji yakichemka vya kutosha, hutangulia kufungua kamba, fito hubaki zimesimama.

Basi ni tamu?

Hapana, na hili huwavunja watu moyo. Ugali nao ni sukari zilizoungana, lakini tonge halina utamu mpaka ulitafune kwa muda mrefu na mate yaanze kulikata. Kwa hemiselulosi mate yetu hayana mkasi. Unga tunaoupata ukikauka una rangi ya chai ya maziwa iliyozidiwa maziwa, na ukiulamba (nimelamba, ndiyo) unaonja karatasi iliyokaa karakana ya seremala.

Ukitaka utamu lazima uendelee mbele: ukate minyororo hadi ibaki sukari mojamoja. Hapo zailosi ina utamu kiasi, na ukiigeuza kwa hidrojeni na kichocheo cha nikeli unapata zailitoli, ambayo utamu wake unakaribia wa sukari ya mezani. Nitairudia chini.

Ni kweli mnatumia maji matupu? Hakuna kemikali mnayoificha?

Kemikali ipo, ila mti ndio unaoileta. Kwenye minyororo ya hemiselulosi kumening'inia vikundi vidogo vinavyoitwa asetili. Maji yakifika joto kali, vinaanza kukatika na kuwa asidi ya siki, hiyohiyo siki ya kachumbari. Asidi hiyo inakata minyororo, minyororo ikikatika asetili nyingine zinaachia, siki inaongezeka. Maji yaliyoingia chomboni yakiwa hayana ukali wowote yanatoka na pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya kati ya 3.5 na 4. Mti umejipika kwa siki yake.

Na maji yenyewe hayabaki yaleyale. Yakifikishwa nyuzijoto 170 huku presha ikiyazuia yasigeuke mvuke, hujigawa kuwa ioni kwa urahisi zaidi, na tabia yake ya kuyeyusha vitu inaanza kuelekea ile ya spiriti. Ndiyo maana hutoka na vitu ambavyo maji ya birika hayavigusi.

Moto kiasi gani, na kwa muda gani?

Kwa kawaida nyuzijoto 150 hadi 180, kati ya dakika chache na saa mbili. Kwenye 170, presha ndani ya chombo inakuwa kama bar 8, karibu na ya tairi la lori. Chombo ni cha chuma kisichoshika kutu, chenye ukuta mnene, na kina cheti cha ukaguzi. Bila cheti hakiwashwi.

Joto na muda hubadilishana, na hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1987 watafiti Overend na Chornet waliandika kanuni ambayo bado tunaitumia kila siku: ukiongeza nyuzijoto 10, kazi huenda kasi karibu mara mbili. Sasa chukua sufuria ya presha ya jikoni, ambayo hufika kama 120. Kazi ya saa moja kwenye 170 itakuchukua saa 30 hivi. Kwenye sufuria ya kawaida, maji yakitokota 100, ni saa 115, yaani siku tano kasoro, usiku na mchana, mtu akiongeza maji. Ndiyo maana mchuzi uliokorogwa na mwiko tangu zama za bibi zetu haujawahi kuumaliza mwiko.

Ukizidisha je?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kufungua kamba hakuhitaji ufundi mkubwa. Kujua saa ya kuacha ndiko kunakotofautisha unga unaouzika na lami.

Minyororo ikishatoka kwenye ubao na kuelea majini, asidi haiiachi. Inaikata fupi, halafu fupi zaidi, hadi sukari mojamoja, kisha sukari zenyewe zinapoteza maji na kuwa kitu kingine. Zailosi inageuka furfurali, manosi na glukosi zinageuka ndugu yake mwenye jina refu zaidi. Kisha hivyo navyo vinaungana na kuwa masizi ya kahawia.

Miezi yangu ya mwanzo, katika maabara ambayo sitaitaja, niliacha mtungi kwenye 170 nikaenda kula, na vali ya kupooza ikagoma kufunguka. Tulipokuja kuufungua ulikuwa umekaa saa nne zaidi. Harufu ilitangulia: sukari guru iliyoungua, na nyuma yake lozi. Hiyo lozi ndiyo furfurali. Kimiminika, badala ya rangi ya chai ya rangi, kilikuwa kama kahawa ya vikombe vya wazee wa Mombasa iliyosahaulika jikoni. Lakini adhabu kubwa ilikuja kilipopoa. Lignini iliyoyeyuka kwenye joto haiwezi kubaki majini kwenye baridi, ikashuka na kujibandika kwenye chujio kama ulimbo. Nilikwangua siku tatu kwa kijiko cha mbao. Chujio hatimaye lilitupwa.

Furfurali si balaa kwa kila mtu, lakini. Kampuni ya Quaker Oats ilianza kuitengeneza kwa ajili ya soko mwaka 1922 huko Cedar Rapids, Iowa, kutokana na maganda ya shayiri ya uji. Na kiwanda cha sukari cha Sezela, KwaZulu-Natal, huitoa kwenye makapi ya miwa. Ukiikusudia ni bidhaa, ukipata bila kutaka ni hasara.

Kama asidi ndiyo inayoharibu, si mtie magadi soda?

Swali zuri, aliniuliza mama mmoja anayepika maandazi ya biashara. Tunatia, kidogo sana, ili pH isishuke mno na minyororo ibaki mirefu. Ila ukizidisha magadi unaangukia shimo la upande wa pili. Magadi yanang'oa zile asetili zote, na kwa hemiselulosi ya miti kama msprusi, ule mti wa Krismasi, asetili ndizo zinazoifanya iyeyuke. Zikitoka, minyororo inakuwa laini pembeni, inalaliana, inashikana, na kuzama chini. Unabaki na maji masafi na matope yasiyotaka kuchanganyika tena. Kwa hiyo tunatembea juu ya kamba: ukali kidogo, usizidi, usikosekane.

Mti upi una sukari nzuri?

Inategemea unataka nini. Huku kaskazini kuna miti miwili inayotawala. Msprusi, wenye majani kama sindano, una galaktoglukomanani, asilimia 15 hadi 20 ya mti mkavu. Jina gumu, ila maana yake ni mnyororo wa manosi na glukosi wenye galaktosi pembeni. Mbetula, ule mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi, una zailani, ambayo ni zailosi kwa wingi, na asetili zake ni nyingi kwa hiyo hujipika upesi kuliko msprusi. Anayetaka zailitoli huenda kwa mbetula. Anayetaka kitu cha kushikanisha mafuta na maji huenda kwa msprusi.

Kuna wa tatu ambaye ni kichekesho cha fani: mlarisi. Kiini chake kina arabinogalaktani inayoyeyuka kwa maji ya uvuguvugu tu, bila presha wala siki.

Miti ya kwetu? Mpaini wa Sao Hill una hemiselulosi ya ukoo mmoja na ya msprusi, lakini utomvu wake ni mwingi na huleta povu. Mkaratusi ni wa upande wa mbetula, zailani. Mninga na mvule sisogei karibu nazo: kiini chake kimejaa rangi na dawa ambazo mti uliziweka humo makusudi ili mchwa wasile, na zote zitaingia kwenye maji yako. Gome pia liondolewe. Na vumbi la mbao unalopika liwe jipya, kwa sababu ukungu unazipenda sukari hizi kuliko tunavyozipenda sisi.

Maji ni bure, vumbi la mbao ni takataka. Mbona bidhaa haijajaa madukani?

Kwa sababu ya maji. Watu wote huuliza juu ya kuyachemsha. Tatizo ni kuyaondoa.

Tufanye hesabu ya mezani. Kilo 100 za vumbi kavu, kilo 500 za maji. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzijoto 20 hadi 170 kunahitaji megajuli 315 hivi, ukiacha joto la vumbi lenyewe. Tuseme umepata kilo 15 za hemiselulosi, zikiwa zimeyeyuka humo. Sasa zikaushe. Kugeuza kilo 500 za maji kuwa mvuke ni megajuli 1,130, mara tatu na nusu ya zile za kupikia. Ukitumia kuni kavu zenye megajuli 18 kwa kilo, na hata tukijidanganya kwamba jiko lako halipotezi chochote, utachoma kilo 63 za kuni ili ukaushe kilo 15 za unga. Umechukua kilo 100 za mti ukatafuta nyingine 63 za kuukaushia.

Viwanda havifanyi hivyo, bila shaka. Kwanza maji hupitishwa kwenye utando wenye vitundu vidogo mno: maji, chumvi na siki hupita, minyororo mirefu hubaki. Kinachobaki hupelekwa kwenye mitungi ya kuvukiza iliyopangwa mfululizo, mvuke wa mtungi wa kwanza ukiuchemsha wa pili, wa pili ukiuchemsha wa tatu. Mwisho hunyunyizwa kama ukungu ndani ya mnara wa hewa moto, na unga hudondoka chini, kama maziwa ya unga yanavyotengenezwa. Ila ile lignini yenye ulimbo niliyoisema huziba utando, na kuosha utando ndiko kunakokula faida. Ukisikia mtu anakuuzia mradi wa sukari za mti akakueleza habari za chombo cha kupikia tu, muulize habari za utando. Akibabaika, shika mfuko wako.

Maabarani kuna njia fupi: mimina spiriti nyingi kwenye maji, hemiselulosi inajikunja na kuanguka kama mawingu meupe. Ni kitu kizuri kukitazama, sijakichoka hadi leo. Lakini kuirudisha ile spiriti nako kunahitaji mtambo na moto.

Inafanya kazi gani hasa?

Nyingi zimejaribiwa: tando za kufungia chakula zisizopitisha oksijeni, jeli, chakula cha bakteria wema wa tumboni. Inayonivutia mimi ni ya soda na rangi za ukuta. Vinywaji vingi vya ladha ya machungwa vina mafuta ya ladha yaliyotawanywa ndani ya maji, na kinachoyazuia yasipande juu ni gundi ya kiarabu, inayogemwa kwenye migunga ya Sudan na kaskazini mwa Kenya. Sudan ikiwa vitani, wanunuzi hukosa usingizi. Galaktoglukomanani ya msprusi hufanya kazi hiyohiyo, na sehemu ya nguvu yake hutokana na vipande vya lignini vilivyong'ang'ania kwenye minyororo, kwa kuwa vyenyewe hupenda mafuta. Kwa maneno mengine, ule uchafu tunaohangaika kuutoa ndio unaosaidia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wameifanyia kazi sana. Sijasema migunga ikatwe. Mgema wa Turkana na kiwanda cha Ulaya si washindani bado, na unga wa msprusi una rangi ambayo soda nyeupe haiikubali.

Zailitoli ina historia ndefu zaidi. Wafini waliitengeneza kwa wingi kutokana na mbetula, na kati ya 1972 na 1974 watafiti wa mji wa Turku waliipima kwa watu: bakteria wanaoozesha meno hawawezi kuila. Mwaka 1975 ikaingia kwenye bazoka, na hadi sasa watoto wa huku hupewa bazoka yake baada ya chakula. Leo sehemu kubwa inatoka China, kwenye magunzi ya mahindi, ambayo zailani yake ni nyingi na hayahitaji msumeno.

Vibanzi vilivyobaki mnatupa?

La. Kilichobaki ni selulosi na lignini, na lignini ina joto karibu mara moja na nusu ya hemiselulosi kwa kila kilo, kwa hiyo kikiwa kikavu huwaka vizuri kuliko mti wa mwanzo na hakinyonyi unyevu sana. Kinafaa vidonge vya kuni. Kwa karatasi, hapo kuna ugomvi: hemiselulosi husaidia nyuzinyuzi za karatasi kushikana, ukiitoa yote karatasi inakuwa dhaifu. Lakini kwa viskosi, kile kitambaa laini cha magauni, wanataka selulosi pekee, na viwanda vya malighafi hiyo hupika vibanzi kwa mvuke au maji moto kwanza kabla ya kuvitia dawa. Wengi wao huichoma tu sukari iliyotoka. Inauma kuiona.

Huu ni uvumbuzi mpya?

Ni wa zamani. Miaka ya 1920 William Mason, kule Laurel, Mississippi, alikuwa akilipua vibanzi kwa mvuke wa presha kutengeneza mbao za kubanwa. Maji machafu ya kiwanda yalikuwa yamejaa sukari hizihizi, na baadaye yakavukizwa hadi yakawa molasi, wakauziwa wafugaji wa ng'ombe. Huko Syracuse, New York, chuo cha misitu kimekuwa kikipika vibanzi vya mti wa mepo kwa maji moto kwa miaka mingi. Huku Ufini, watu wa chuo kikuu cha Åbo Akademi waligundua kwamba viwanda vya karatasi za magazeti vilikuwa vinamwaga galaktoglukomanani kila siku ndani ya maji ya kusagia, bila mtu kuipika makusudi, wakaanza kuikusanya. Taasisi ya utafiti wa misitu ya nchi nayo mwaka 2014 ilieleza mtambo wake wa lita 300, ambao maji hupita kwenye vumbi bila kusimama, ili sukari itoke kabla asidi haijaikuta. Mbinu hiyo ya kupitisha maji ndiyo ingeniokoa siku ile ya lozi.

Kwetu kuna kitu kama hiki?

Kipo, ila kinachotoka si sukari. Njombe, kampuni ya TANWAT iliyoanza 1949 imekuwa ikichukua magome ya miwati na kuyatoa tanini kwa maji moto, ya kulainisha ngozi viwandani. Eldoret nako kulikuwa na kiwanda cha namna hiyo. Vibanzi, maji, joto, kuvukiza, unga: mzee aliyefanya kazi kule anaweza kuingia maabara yetu akaelewa nusu ya mitambo bila kuambiwa.

Kama ningepewa pesa ya kujaribu, nisingeanza na msitu. Ningeanza na makapi ya miwa, yaliyokwisha kusagwa, yaliyo mahali pamoja, pembeni ya boila yenye mvuke. Gharama ya kukausha niliyoipigia hesabu pale juu inabadilika kabisa ukiwa jirani na mvuke ambao tayari umelipiwa.

Naweza kujaribu nyumbani na sufuria ya presha?

Usijaribu. Vumbi la mbao huvimba na kupanda, linaziba tundu la kutolea mvuke, na kifuniko kinakuwa kombora. Ukitaka kuona kwa macho tu, chemsha maranda ya mpaini kwenye sufuria isiyofunikwa kwa saa kadhaa, chuja kwa kitambaa, ipua, zima moto kabisa, na usubiri ipoe. Utapata maji ya rangi ya chai hafifu yenye harufu ya ghala la mbao. Sukari iliyomo ni chembe, umeshaiona ile hesabu ya saa 115.

Mbwa wangu amekula bazoka ya zailitoli. Itamdhuru?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, usisubiri dalili. Kwa binadamu haina neno, ukizidisha utaendesha tu. Kwa mbwa, kongosho hudhani ni sukari ya kweli, humwaga insulini, na sukari ya damu huanguka ghafla. Nenda na kile kikaratasi cha bazoka.